Utitiri wa Magodoro na Poda ya Mtaliano

Sisi tunaofanya kazi ya vyumba katika hoteli za Malindi hatuogopi Agosti, wageni wanapojaa. Tunaogopa mwisho wa Juni, tunapofungua vyumba vilivyofungwa tangu Pasaka. Masika yameisha, kusi imeshika, na meneja anataka kila kitanda kiwe tayari kabla Wataliano hawajashuka. Unafungua mlango, harufu ya unyevu inakupokea, unavuta godoro ulisimamishe ukutani, na kabla halijafika pua inawasha. Chafya ya kwanza, ya pili, ya sita. Macho yanatoka machozi, kaakaa linawasha mpaka unalikuna kwa ulimi, na kamasi la majimaji linashuka bila hodi. Wenzangu walikuwa wakinisikia kutoka ghorofa ya chini na kusema, "Mama magodoro ameanza kazi."

Kwa miaka mingi niliambiwa ni mafua. Mama alinifukiza kwa mvuke wa majani ya mkaratusi na mchaichai. Shangazi alisema ni kuoga usiku. Jirani yetu, ambaye kwake kila jambo lina mtu nyuma yake, alisema nimetupiwa jicho. Mvuke siudharau, unafungua pua kweli kwa muda, na raha yake unaijua ukiwa umeziba. Lakini mafua yana mwanzo na mwisho. Huja na uchovu, pengine homa, kamasi hugeuka zito, na baada ya wiki moja au siku kumi yamekwenda zake. Yangu hayakuwa na homa wala mwisho. Yalinikuta alfajiri nikiwa bado kitandani, yakanikuta tena kazini nikikung'uta mito, yakatulia nikikaa ufukweni jioni. Nilipomweleza hivyo daktari wa masikio, pua na koo, hakunisubiri nimalize. "Mafua hayachagui chumba, dada. Hilo ni godoro."

Alinielekeza kwa mtaalamu wa mzio, yaani aleji, Nairobi, na huko ndiko nilikopimwa kwa ngozi. Wiki nzima kabla ya safari nilikatazwa vidonge vya mzio, maana vinaficha majibu, na wiki hiyo sitaki kuikumbuka. Kipimo chenyewe hakitishi. Muuguzi alinilaza mkono juu ya meza, akaandika namba kwa kalamu kwenye ngozi, akadondosha matone kando ya kila namba: utitiri, mende, paka, chavua ya nyasi, ukungu, na mengine mawili ya kulinganisha, moja la maji ya chumvi tu na jingine la histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho. Kisha akachoma kila tone kwa kincha cha plastiki, kuchoma kwenyewe hata damu haitoki. Tukangoja dakika kumi na tano. Mende hakunifanya kitu, nikashangaa. Paka kimya. Kwenye matone ya utitiri ngozi ilipanda, vinundu vyeupe vyenye wekundu pembeni, kimoja kikubwa kuliko kile cha histamini. Vikawasha hasa. Muuguzi akavipima kwa rula ndogo, akaandika milimita zake. Kuanzia milimita 3 kwenda juu wanahesabu kuwa ni jibu.

Basi adui yangu ana jina. Utitiri wa vumbi la nyumbani si kiroboto wala kunguni. Haumi, haunyonyi damu, na huwezi kuuona kwa jicho, kwani urefu wake ni kama theluthi moja ya milimita. Chakula chake ni magamba ya ngozi yanayotudondoka sisi wenyewe tukilala. Haunywi maji; unyevu unauvuta kutoka hewani, na hewa ikiwa kavu, chini ya asilimia 50 hivi kwa muda mrefu, unakauka na kufa. Sasa niambie Malindi lini hewa ilikuwa kavu hivyo. Ukiacha chumvi kwenye kibakuli usiku, asubuhi imelowa. Nchi za baridi wanasumbuliwa zaidi na jamii inayoitwa Dermatophagoides. Sisi wa joto na unyevu tunayo hiyo na tumeongezewa nyingine, Blomia tropicalis, na mimi mkono wangu ulizitambua zote mbili.

Kinachodhuru hasa ni kinyesi chake. Chembe zake zinakaa kwenye godoro na mto, ukizikung'uta zinapaa, ukizivuta zinakwama puani. Ndani yake mna protini ambazo mwili wa mtu kama mimi umezidhania adui, ukazitengenezea kingamwili aina ya IgE. Kingamwili hizo hukaa juu ya seli fulani kwenye utando wa pua, na protini ikizigusa tu, seli zinamwaga histamini. Kutoka hapo ni chafya, muwasho na kamasi.

Mzee mmoja wa Kitaliano, mfamasia mstaafu ambaye kila mwaka hukodi chumba kilekile chenye veranda ya kutazama mkarafuu wa bustani, ndiye aliyenitia hamu ya tiba ya puani. Alinikuta kwenye korido nimeinama juu ya kikapu cha shuka, chafya zimenishika. Kiswahili chake ni cha kuokota sokoni lakini hakikosi maana. "Mama, mimi pia hivi. Zamani. Daktari anasema: vuta vumbi puani, kidogo kidogo, kila wiki. Sasa hakuna tatizo." Nilidhani ananitania. Mtu apulizwe vumbi lilelile linalomuua? Akaketi kwenye ngazi akanieleza, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa mikono.

Alikuwa anasema kweli. Miaka ya 1990 Italia ilikuwa mstari wa mbele katika tiba hiyo. Walichukua dondoo la utitiri, wakalitengeneza kuwa poda, wakaitia kwenye vidonge vya kupasuliwa, na mgonjwa akaipuliza puani kwa kifaa kidogo. Punje za poda zilifanywa kubwa makusudi ili ziishie puani zisifike kwenye mapafu, maana mtu mwenye mzio akipata dozi ya utitiri kifuani anaweza kubanwa na pumu papo hapo. Hata namna ya kupuliza ilikuwa na adabu yake: unavuta pumzi kwanza, kisha unapuliza dawa huku ukitoa sauti, ili njia ya chini iwe imefungwa. Mzee alinionyesha, akafanya "aaaa" kwa sauti mpaka mtunza bustani akageuka. Dozi ilianza ndogo sana, ikapandishwa polepole, halafu mgonjwa akabaki kwenye dozi ya juu kwa miezi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko yeye. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon wa Hospitali ya St Mary's, London, alichapisha taarifa ya kuwadunga wagonjwa wa mzio dondoo la chavua ya nyasi kwa dozi za kupanda, na wakaanza kuistahimili. Utitiri wenyewe haukujulikana kuwa ndio chanzo mpaka miaka ya 1960, watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakiongozwa na Voorhorst, walipoonyesha kwamba kile kinacholeta mzio kwenye vumbi la nyumba ni huo. Tiba yote hii, ya sindano, ya puani au ya chini ya ulimi, inaitwa imunotherapia, na kazi yake si kutuliza chafya ya leo. Ni kuufundisha mwili uache kugombana. Ukizoeshwa, mwili hutengeneza kingamwili za aina nyingine, IgG4, zinazoitangulia IgE kwenye ile protini, na zile seli za kuchochea vita zinatulizwa na seli nyingine za kinga.

Nikarudi kwa daktari na swali langu limeiva: nataka ya puani, kwa sababu ugonjwa uko puani. Nilijiona nina hoja. Akanisikiliza vizuri, akacheka kidogo, akasema hoja ni nzuri na ndiyo iliyowavutia hata hao waliobuni. Majaribio yalionyesha kwamba inafanya kazi, na mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani liliitaja miongoni mwa njia zinazokubalika kwa mzio wa pua. Shida ikawa pua yenyewe. Unapopeleka utitiri mahali palipovimba tayari, kila dozi inaleta chafya, kuwasha na kuziba. Wengi walilazimika kupuliza kwanza dawa nyingine, kromoglikati, kuituliza pua kabla ya kuichokoza. Halafu faida yake ilibaki puani tu. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2005, uliofuata watoto wanaotumia njia mbalimbali, ulikuta kwamba zaidi ya saba kati ya kila kumi waliokuwa kwenye tiba ya puani waliiacha njiani. Waliokuwa kwenye sindano, aliyeacha ni kama mmoja tu kati ya kumi; wa chini ya ulimi walikuwa wawili hivi. Mtoto gani atakubali kila mara kupulizwa kitu kinachompigisha chafya? Ya chini ya ulimi ilipokuja, isiyo na bughudha hiyo, ya puani ikasukumwa pembeni, na leo ni nadra kumkuta daktari anayeiandika.

Nilimpelekea mzee majibu hayo msimu uliofuata. Akainua mabega kama wafanyavyo wao. "Mimi nina kichwa kigumu, mama. Sikuacha." Namwamini. Lakini tiba ya kuwafaa wenye vichwa vigumu peke yao haifiki mbali, na mimi ni mtu wa zamu za usiku na watoto watatu.

Hata hivyo pua haikuachwa hivihivi. Daktari alinianzishia dawa ya kupuliza yenye kotikosteroidi, ambayo haifundishi mwili kitu, inatuliza uvimbe tu, na kwa watu wengi ndiyo inayosaidia kuliko vidonge. Hapa nataka kusema kwa kirefu, kwa sababu nimewaona wengi wakiitupa wakidai haina kazi. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Inataka siku kadhaa, pengine wiki mbili, ndipo ukae ukagundua hujapiga chafya tangu asubuhi. Na watu wanaipuliza vibaya. Wanatupa kichwa nyuma, wanaelekeza ncha katikati ya pua, wanavuta kwa nguvu mpaka dawa inashuka kooni na uchungu wake. Muuguzi alinifundisha hivi: inamisha kichwa kidogo mbele, mkono wa kulia upulizie tundu la kushoto na wa kushoto tundu la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio na si kwenye ukuta wa katikati, ambao ukipigwa na dawa kila siku unatoa damu. Vuta taratibu, kama unavyonusa asumini. Basi.

Kabla yake, maji ya chumvi. Sisi tunaotia udhu tumezoea kupandisha maji puani, na nilipoambiwa nisafishe pua niliona ni jambo la nyumbani. Tofauti ni kwamba maji ya bomba matupu yanachoma pua iliyovimba. Yanatakiwa yawe yamechemshwa yakapoa, na chumvi kidogo ndani. Mwezi wa Ramadhani dawa zote nilizihamishia usiku, baada ya tarawehe, na daktari hakuwa na neno.

Kuna dawa nyingine ya puani ambayo inafaa niiseme kwa jina la kazi yake, kwa kuwa maduka ya dawa yanaiuza bila maswali: matone ya kuzibua. Ni matamu mno. Dakika tano pua iko wazi, unahisi umezaliwa upya. Mwenzangu wa zamu aliyapenda hayo mpaka akawa halali bila kichupa chini ya mto. Ukiyatumia zaidi ya siku tatu hadi tano mfululizo, pua inajibu kwa kuziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, na wewe unaongeza, nayo inaziba tena. Ilimchukua muda na dawa ya steroidi kuachana nayo. Na wale wa Piriton: inasaidia muwasho, ndiyo, lakini inalaza. Kuna vidonge vya siku hizi, setirizini na loratadini, ambavyo usingizi wake ni mdogo.

Nyumbani Maweni ilibidi tuanzie kitandani. Godoro la sufi la bibi, lililofumuliwa na kushindiliwa upya mara nyingi, liliondoka kwa machozi. Mume wangu alilibeba mwenyewe kwenye mkokoteni. Tukanunua la sponji, likavalishwa mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, wenye zipu pande zote, nayo mito ikavishwa vivyo hivyo. Mfuko haui utitiri; unauzuia usitoke na kuzuia magamba yetu yasiingie kuulisha. Shuka na foronya kila wiki kwenye maji ya nyuzi 60, kwa kuwa ya baridi yanaondoa chembe nyingi lakini utitiri wenyewe unasalimika ukaendelea kuzaa. Hotelini mashine inafika joto hilo. Nyumbani tunachemsha kwenye sufuria kubwa ya pilau, mwanangu mkubwa ananicheka kwamba tunapika mashuka. Jua nalo tunalitumia: mkeka na blanketi vinatandazwa juani mchana mkali, kwa muda wa saa tatu au zaidi, vikakauka mpaka ndani. Zulia la sebuleni tulimpa shemeji. Kufagia kwa ufagio wa njiti nimeacha, napangusa kwa kitambaa kibichi.

Udi sikuuacha, nasema wazi. Moshi wake hauna utitiri, lakini pua yenye mzio inakasirishwa na moshi wowote, wa udi, wa kuni, wa sigara. Sasa nafukiza nguo chumba cha nyuma, madirisha wazi, nami nikiwa uani.

Kazini ilikuwa ngumu zaidi, kwani godoro la hoteli si langu. Nilimweleza meneja kwa lugha anayoielewa: mgeni anayelalamika kwamba chumba kinampigisha chafya anaandika hivyo mtandaoni. Alitoa mifuko ya zipu kwa vyumba vya mbele kwanza. Kwa vile vya nyuma tulikubaliana kwamba msimu wa kufunga AC ziwashwe saa chache kila wiki, si kwa ajili ya ubaridi bali kukausha hewa, na magodoro yasimamishwe yasilale chini. Tunapofungua, tunafungua madirisha tukaondoka, tunarudi baadaye na barakoa usoni. Wasichana wapya walidhani ni maringo. Mmoja wao kumbe kifua chake hupiga filimbi usiku, nikamwambia asicheze, aende apimwe pumu, maana wengi wenye pua kama yangu wana kifua cha namna hiyo na hawajui.

Ndipo ikaja imunotherapia yenyewe, ya matone chini ya ulimi. Sikuharakishwa. Daktari aliniuliza kama nina pumu isiyotulia, kama nina ujauzito, kama natumia dawa za moyo au presha za aina fulani, kwa sababu hayo yote yanaweza kuifanya isifae au iahirishwe. Akanieleza pia kwamba ni miaka 3 kwa uchache. Anayeacha katikati hupoteza sehemu kubwa ya faida, na anayemaliza huweza kubaki na nafuu miaka kadhaa baadaye. Bei yake ilinitoa jasho. Tulivunja kibubu, na chama chetu cha akina mama wa mtaani kikanipa zamu yangu mapema.

Dozi ya kwanza niliitwaa mbele yake, nikakaa nusu saa kwenye benchi wakinitazama kama nitavimba. Kilichonipata ni kuwasha chini ya ulimi na masikio, kukaisha. Wiki za mwanzo kuwasha huko kulikuwa kwa kila siku, halafu kukafifia. Unadondosha, unashikilia dakika mbili bila kusema, unameza. Watoto wamejua kwamba hapo mama haulizwi kitu, na ndipo wanapoomba ruhusa zote wanazotaka. Nikiwa na kidonda kinywani au nimeng'olewa jino, naacha kwa siku chache kwa maagizo ya daktari.

Tabu iko kwenye friji. Matone yanatakiwa yakae kati ya nyuzi 2 na 8, na stima ya Malindi mnaijua. Chupa yangu inalala kwenye kikopo chenye mfuniko, katikati ya friji, mbali na kwenye barafu, maana ikiganda nayo imeharibika. Stima ikikatika hakuna anayeruhusiwa kufungua mlango, hata kwa maji ya balungi. Ikipita saa nyingi napeleka kwenye friji ya jikoni hotelini, ambako mpishi ameiandikia "DAWA YA MAMA" kwa herufi kubwa ili isije ikaingia kwenye supu.

Je, imenisaidia? Miezi ya mwanzo sikuona kitu, na mama akaanza tena kuchemsha mkaratusi. Nafuu ilikuja kwa namna ambayo huioni ikifika. Juni iliyopita tulifungua vyumba, nikapiga chafya, ndiyo, lakini niliendelea na kazi na sikuhitaji kidonge mpaka jioni. Dawa ya kupuliza nimepunguza kwa idhini ya daktari, sijaiacha. Ni mifuko ya zipu, ni AC, ni maji moto, au ni matone? Siwezi kuvitenganisha na sioni haja. Anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanzie kwenye kipimo na kitanda, ambavyo ni rahisi kuliko chupa, kisha aamue kama ana subira na fedha ya miaka mitatu.

Chupa inayofuata inakuja na basi la Ijumaa kutoka Nairobi, ndani ya boksi la barafu. Nimeshampigia kijana wa ofisi ya basi asiiweke kwenye kaunta ya dirishani juani, na nimemwomba mume wangu akaichukue kabla ya swala ya Ijumaa, maana baada ya hapo ofisi inafungwa mpaka alasiri.